Mkulima, Je, Umepata Kuionja Kahawa Yako?

Mkulima wa mahindi anajua ladha ya mahindi yake, kwa kuwa huyachoma yakiwa mabichi na husonga ugali yakiwa makavu. Mvuvi wa Dunga hula samaki aliyemvua mwenyewe. Lakini mkulima wa kahawa wa Koru au Songhor aghalabu huchuma matunda yake, huyapeleka kiwandani, hupewa risiti, kisha hurudi nyumbani akanywa chai ya maziwa. Mgeni akija akaomba kahawa, mtoto hutumwa dukani kununua kikopo cha unga wa kahawa uliotengenezwa mbali, tena wa kahawa ambayo hakuna ajuaye ilitoka shamba gani. Wapo wazee waliopalilia mikahawa miaka thelathini bila kupata kuionja hata mara moja.

Jambo hili lina asili yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipanda kahawa Bura, katika nchi ya Taita, mwaka wa 1893, na baadaye walowezi waliipanda kwa wingi, lakini Mwafrika alikatazwa kuipanda. Miaka ya 1930 ndipo Wakisii na Wameru walipoanza kuruhusiwa kidogo kidogo, na ruhusa ilikuja kupanuka sana baada ya mpango wa kilimo wa mwaka wa 1954. Hata hapo, kahawa ililetwa kwetu kama kitu cha kuuza tu. Tulifundishwa kupanda, kukata matawi, kupiga dawa na kuchuma. Hakuna aliyetufundisha kuinywa. Mashamba makubwa ya Muhoroni, Koru na Songhor yalipogawanywa kuwa skimu za makazi katika miaka ya 1960, wengi walipata shamba, na baadhi walipata na mikahawa ndani yake, lakini desturi ilikuwa ile ile.

Pengine utasema, "Inanihusu nini? Mimi nataka fedha, si kinywaji." Basi sikiliza. Fedha yenyewe hutokana na kinywaji. Kahawa yako haiuzwi kwa uzito peke yake. Hupangwa kwanza kwa ukubwa wa punje, ndiyo maana husikia watu wakisema AA na AB, na PB kwa zile punje za mviringo zinazokua moja moja ndani ya tunda. Kisha hukaangwa kidogo, husagwa, humiminiwa maji ya moto, na waonjaji huionja kwa kijiko. Kahawa ipatayo alama 80 au zaidi katika 100 huhesabiwa kuwa kahawa maalumu, na wanunuzi wa nchi za nje huigombea. Kahawa yenye ubovu mdomoni hushuka bei, hata kama punje zake ni kubwa na nzuri kwa macho. Hukumu hiyo hutolewa mbali nawe, na wewe huletewa malipo tu. Ukiwa hujui ladha ya kahawa yako, utajuaje kama bei imeshuka kwa sababu ya soko au kwa sababu ya uvivu wa mtu mmoja aliyechuma matunda mabichi?

Kwa hiyo yafaa kila nyumba yenye mikahawa ijifunze kutengeneza kikombe chake. Vyombo vyote unavyo tayari. Chuma matunda mekundu kabisa, kilo 7 hivi, kabla ya kuyapeleka mengine kiwandani. (Usichote kahawa katika vitanda vya kiwanda, ile ni mali ya wanachama wote, hata kama tunda lako limo ndani yake.) Yatie katika ndoo ya maji, na yale yanayoelea uyatupe, maana ni matupu au yameliwa na wadudu. Yamenye kwa vidole, au uyaponde polepole kwa chupa juu ya ubao ili ganda la nje litoke bila kuvunja punje. Utaona punje zina ute wa kuteleza. Zifunike katika chombo safi mpaka siku ya pili. Kisha tia mkono uzisugue: zikiteleza bado, zingoje; zikikwaruzana kama changarawe, zioshe mara moja kwa maji safi. Hapa ndipo wengi huharibu. Punje zikisahauliwa siku nyingi katika ute wake, huchacha, na uchachu huo hautoki tena hata ukizikaanga namna gani.

Zianike juu ya wavu au mkeka ulioinuliwa, si juu ya ardhi, uzigeuze mara nyingi, na kuzifunika wakati wa mvua na usiku. Baada ya wiki moja au mbili, ng'ata punje moja. Jino likiacha alama kubwa, bado ina maji. Ikiwa ngumu hata jino haliingii ila kwa shida, imekauka. Twanga kwa kinu kwa mikono myepesi ili kile kiganda chembamba kama karatasi kitoke, upepete kwa ungo. Katika zile kilo 7 utabaki na kilo moja hivi ya punje safi za rangi ya kijani. Usistaajabu; ndivyo ilivyo kwa kila mkulima duniani.

Sasa kukaanga. Chukua kikaango kizito au chungu, ukiweke juu ya jiko lenye moto wa kadiri, utie gao mbili tu za punje. Ukizijaza sana, za chini zitaungua na za juu zitabaki mbichi. Koroga kwa mwiko bila kuacha, wala usimwachie mtoto kazi hii ukaenda kuongea na jirani. Punje zitageuka manjano, na zitanukia kama majani makavu, kisha kama mkate. Baada ya dakika kumi hivi zitaanza kulia kama bisi. Huo ndio mlio wa kuungoja. Ukiisha kuusikia, endelea dakika moja au mbili, mpaka rangi iwe ya hudhurungi kama udongo wa Koru baada ya mvua, kisha ondoa upesi. Zikianza kung'aa mafuta na kutoa moshi mwingi, umepita kiasi. Kikombe chako kitakuwa na ladha ya mkaa tu, na hapo kahawa nzuri na kahawa mbovu huwa sawa. Mimina katika ungo, pepeta huku na huku zipoe mbio. Uzito utakuwa umepungua, karibu sehemu moja katika sita. Ziache mpaka kesho ndipo unywe, kwa maana zikitoka motoni tu zina hewa nyingi ndani na ladha haijatulia.

Saga unachotaka kunywa siku ile tu. Kinu na mchi vinatosha. Tafadhali usiipeleke kwenye mashine ya posho: kahawa yako itanukia mahindi, na mama atakayekuja nyuma yako atapika ugali wenye harufu ya kahawa, na maneno yatafika kwako.

Kwa kikombe kikubwa cha robo lita, tia vijiko viwili vya mezani vya unga wa kahawa. Chemsha maji. Vitabu vingi husema ungoje maji yaliyochemka yapoe kidogo, lakini vitabu hivyo vimeandikwa kwa watu wa pwani za Ulaya. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka yakifika nyuzi 96 tu. Ukipanda Koru huchemka chini ya hapo. Basi ondoa birika motoni umimine mara moja. Koroga, funika, ngoja dakika nne, kisha chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichooshwa bila sabuni. Kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni hutoa kikombe cha sabuni. Kilo moja ya punje kavu, ikiisha kukaangwa, hutoa vikombe zaidi ya hamsini.

Mara ya kwanza, ninakuomba usitie sukari wala maziwa. Simkatazi mtu maziwa yake, hayo baadaye. Vuta kidogo kwa kijiko, kwa sauti, kama mtoto anayekemewa mezani. Ndivyo wafanyavyo waonjaji wenyewe, ili kahawa ienee ulimi mzima. Sasa ulimi wako utakusomea habari za shamba. Ukali mzuri kama wa limau au zambarau, na utamu nyuma yake, ni dalili ya matunda yaliyoiva sawasawa. Mikahawa ya SL28 na SL34, iliyochaguliwa na Maabara ya Scott katika miaka ya 1930, ina sifa hiyo, na Batian iliyotolewa mwaka wa 2010 haiko mbali nayo. Ladha ya siki au kitunguu kilichooza maana yake umechelewa kuosha. Ladha ya majani mabichi, umechuma mapema. Harufu ya ukungu, umeanika vibaya au gunia lilikaa sakafuni. Udongo, uliianika chini. Moshi, ghala lako li karibu na jiko. Na ikinukia kiazi kibichi, nenda ukatazame mikahawa, maana mara nyingi kunguni wa kahawa ndiye aliyetoboa matunda. Ladha hizi zote ni gharama, nawe umezipata kwa kikombe kimoja bila kungoja malipo ya mwaka.

Wengi wenu huja Kisumu kwa shughuli, na hulala kwa ndugu au shemeji hapa Nyalenda ninakokaa mimi. Chukua kahawa yako, lakini ichukue ikiwa imekwisha kukaangwa. Kahawa ya ganda, punje za kijani na mbuni husafirishwa kwa kibali, kwa sababu ya wizi wa kahawa viwandani. Ukikutwa njiani na mfuko wa namna hiyo utaeleza mengi, na huenda usiaminiwe. Iliyokaangwa itie katika kikopo chenye kifuniko cha kukaza. Kahawa huvuta harufu ya kila kitu kilicho jirani nayo, na katika matatu hujui utawekwa karibu na gunia gani. Nusu saa kando ya omena yatosha kuharibu kazi ya wiki tatu. Ukifika, mwenyeji wako ana jiko moja la makaa na sufuria, nawe una kitambaa mfukoni. Hakuna zaidi kinachohitajiwa. Ila maji ya visima vifupi vya Nyalenda lazima yachemke kabisa, kahawa iwepo isiwepo. Ya mfereji yakinukia dawa, yaache wazi katika mtungi usiku kucha.

Ukisafiri mbali zaidi, usikubali kila kiitwacho kahawa. Katika hoteli uliza kama ni ya kuchuja au ni ya kikopo, na kama ni ya kuchuja, ilikaangwa lini. Mhudumu akishangaa, umekwisha kupata jibu. Ukifika Mombasa, kaa barazani katika Mji wa Kale jioni, ungoje muuza kahawa na dele lake la shaba lenye makaa chini. Kahawa yake ni chungu, imekaangwa mpaka kuwa nyeusi, ina tangawizi, na hunywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata au tende. Hiyo ni desturi ya zamani kuliko shamba lolote la kahawa katika Kenya, nayo ina haki yake, ingawa ladha ya shamba huwezi kuipata humo. Ng'ambo ya ziwa letu, Bukoba, Wahaya hawakungoja mtu awafundishe: tangu kale huchemsha kahawa yao ya robusta na majani yenye harufu nzuri, huikausha, na mgeni hupewa punje atafune. Huko mkulima na mlaji ni mtu mmoja.

Mwenye mimba asizidishe, na asiyepata usingizi asinywe baada ya saa kumi za jioni. Watoto waachiwe maziwa.

Jambo la mwisho ni la sheria. Kukaanga kahawa ya shamba lako ili unywe na wageni wako ni kitu kimoja; kuifunga katika mifuko na kuiuza ni kitu kingine chenye leseni yake. Wapo wakulima waliokwisha kuanza biashara hiyo kwa vyama vyao, na ni biashara nzuri. Lakini kabla hujachapisha karatasi za kubandika mifukoni, pita ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe upate maelezo, na ukija, beba kikopo. Maji ya moto tunayo.