Vijidudu Vinavyokula Mafuta Baharini

Wewe mkulima unayetengeneza mboji wajua kwamba mabua na samadi havigeuki vyenyewe kuwa mbolea. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ukivipa chakula, maji na hewa, lundo hupata moto na kuoza vizuri. Ukilishindilia hata hewa isipite, hunuka na kukawia kuoza.

Vijidudu vya namna hii viko baharini pia, na vingine hula mafuta yatokayo ardhini. Tangu zamani mafuta hutoka kidogo kidogo katika nyufa za chini ya bahari, navyo vimezoea kuyala. Lakini je, yakimwagika mengi kwa mara moja?

Jambo hilo lilitokea Alaska, nchi ya Marekani. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta, Exxon Valdez, iligonga mwamba, na lita milioni 40 hivi zikamwagika. Ndege wengi wa baharini walikufa, na mahali pengi uvuvi ukafungwa mwaka huo.

Wataalamu walipopima changarawe za pwani, walikuta vijidudu vinavyokula mafuta vimo tayari. Mafuta yalikuwa mengi, bali naitrojeni na fosforasi zilikuwa haba. Ilikuwa kama lundo la mabua matupu lisilotiwa samadi. Basi wakatia mbolea! Namna moja ilikuwa na urea, ile ile unayoijua shambani, iliyochanganywa ili igandamane na mafuta isichukuliwe na mawimbi. Nyingine ilikuwa ya punje zinazoyeyuka polepole. Baada ya majuma mawili hivi, mawe ya sehemu za majaribio yaliyotiwa mbolea hiyo ya urea yalionekana safi kuliko ya jirani.

Hata hivyo kazi haikwisha. Mwaka wa 2001, yaani miaka 12 baadaye, wataalamu walichimba maelfu ya mashimo katika pwani zile, na mahali pengi wakakuta mafuta bado yamefukiwa chini. Vijidudu vilikuwapo, lakini hewa na chakula havikuwafikia vya kutosha.

Tope la chini ya bahari lina shida hiyo hiyo, tena zaidi, maana ni kama lundo lililoshindiliwa. Mara nyingi oksijeni ya majini huingia sehemu ya juu tu, pengine milimita chache. Chini yake viko vijidudu visivyohitaji oksijeni, lakini kazi yao ni ya polepole sana. Minyoo na kaa wanaochimba tope huingiza hewa, kama nyungunyungu wa shambani kwako. Mafuta yakiwaua hao, tope hukosa wachimbaji wake. Ndiyo sababu mahali pengine tope lenye mafuta hutolewa, hutandazwa nchi kavu, hutiwa mbolea na kupinduliwa mara kwa mara ili lipate hewa.

Jambo hili lakuhusu wewe pia, hata ikiwa shamba lako li mbali na bahari. Huenda una trekta au pampu ya maji, na mafuta yake machafu ya injini hutolewa kila mara. Usiyamwage mtaroni wala mtoni, kwani yatafika kwa jirani yako na ng'ombe wake. Yatie katika debe lenye kifuniko, uyapeleke kwenye gereji inayoyapokea.

Mafuta kidogo yakimwagika udongoni, fanya hivi:

1. Chota udongo huo wote, uuweke mahali pamoja, mbali na kisima na mto.
2. Uchanganye na samadi iliyooza.
3. Uwe na unyevu, lakini usijae maji. Ufunike mvua inaponyesha.
4. Upindue kila juma ili upate hewa.
5. Usipande chakula hapo, wala usiurudishe shambani.

Sharti hili la mwisho lina sababu. Mafuta machafu ya injini yana pia chembe za chuma na madini mengine, na hakuna kijidudu kiwezacho kuyamaliza. Vijidudu ni vibarua wazuri, wala hawadai mshahara, lakini kazi yao huchukua muda mrefu. Kutomwaga mafuta ndiko kazi nyepesi zaidi.