Mlango Unaokuja na Fremu Yake

Mlango uliofungwa kwenye fremu tangu karakana humfikia mwenye nyumba ukiwa kitu kimoja: miimo miwili, kizingiti cha juu, bawa na bawaba zake. Kinachobaki ni kuusimamisha ukutani. Wazo hili si geni mwambao wa Kusini mwa Tanzania. Milango ya nakshi, ambayo baadhi bado ipo Kilwa Kivinje, ilitengenezwa fremu na mabawa kwa pamoja, na kwa desturi ya kale mabawa hayo yalizunguka kwa ncha zilizotiwa katika matundu ya vizingiti, bila bawaba.

Kwanza hupimwa uwazi. Unapaswa kuzidi fremu kwa takriban sentimita 1 kila upande. Ukibana, fremu hujipinda kwa kugongwa nyundo. Ukizidi mno, kabari hazishiki. Kimo hupimwa kuanzia sakafu iliyomalizika. Marumaru zikitandikwa baadaye, mlango hukwaruza tangu siku ya kwanza. Katika nyumba kongwe za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta ni nene na hazijanyooka sana. Humo fremu ifuate timazi, na tofauti iliyobaki izibwe kwa lipu.

Mwimo wa bawaba ndio roho ya kazi. Nyuma ya kila bawaba huwekwa kabari mbili zinazoelekeana, zikasukumwa kidogo kidogo hadi mwimo usimame wima. Timazi hushushwa usoni na ubavuni. Fundi mwenye haraka hupima upande mmoja tu, na matokeo yake ni mlango unaojifungua wenyewe. Mwimo ukishanyooka, skrubu ndefu hupitishwa kwenye kabari hadi ukutani. Ndipo mwimo wa kitasa husogezwa mpaka upenyo kati yake na bawa uwe milimita 3 kutoka juu hadi chini. Mlango hujaribiwa mara kadhaa kabla ya lipu, maana saruji ikishakauka, kurekebisha ni kubomoa.

Bawa likigusa kona ya juu upande wa kitasa, wengi hukimbilia randa. Ni pupa. Mara nyingi bawaba ya juu imelegea, na skrubu moja ndefu inayofika ukutani hulirudisha bawa mahali pake bila kupunguza ubao. Kitasa kisiposhika, ulimi wake hupakwa chaki na mlango ukafungwa. Alama huonyesha bamba la kwenye mwimo lisogezwe wapi. Tofauti ya milimita 1 au 2 huondolewa kwa tupa.

Mlango ulioanza kubana wakati wa mvua tu una tatizo la unyevu. Mbao za mninga na mkongo hutulia vizuri zikikaushwa, na Kilwa ina bahati ya kuwa na misitu ya vijiji, ikiwemo ya Kikole na Kisangi, iliyopata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009. Lakini mti mzuri ukipasuliwa na kuundwa mlango ungali mbichi, utapinda tu. Vanishi nayo ifike ukingo wa juu na wa chini wa bawa, sehemu zinazosahauliwa na zinazonyonya maji kuliko zote.

Karibu na bahari, chumvi hula chuma cha kawaida upesi. Bawaba ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu, na skrubu zake ziwe za madini hayo hayo: bawaba ya shaba iliyofungwa kwa skrubu za chuma huanza kulegea skrubu zinapoliwa na kutu ndani ya mbao, mahali macho hayafiki.