Je, Wajua? Nambari Mbili za Vocha

Je, wajua kwamba vocha ya kukwangua, ile kadi ndogo inunuliwayo dukani kwa ajili ya kuongeza salio la simu, ina nambari mbili, nasi aghalabu huijali moja tu? Ya siri, ambayo kwa vocha za Safaricom nchini Kenya huwa na tarakimu 16 na huingizwa baada ya *141* kisha ikafungwa kwa alama ya #, imefichwa chini ya utando wa rangi ya fedha. Na mwenye pupa, akiukwangua kwa nguvu kwa ncha ya kisu au ukingo wa sarafu, huweza kuzifuta tarakimu mbili tatu, akabaki na kadi isiyomfaa ilhali thamani yake ingali imo. Ya pili, nambari ya mfululizo, imechapwa wazi. Haiongezi salio hata kidogo, walakini ndiyo shahada ya mnunuzi, kwani kwayo wahudumu wa kampuni huitambua kadi iliyoharibika na kujua kama imekwisha kutumiwa. Basi, ewe msomaji, usiitupe kadi kabla hujapokea ujumbe wa kuthibitisha salio, wala usimsomee mtu usiyemjua nambari ya siri, maana salio humwendea yule aiingizaye kwanza.