Binti, Babu na Maji Yaliyopotea Njiani

Sogeeni, wajukuu. Hadithi ya leo ina mtihani ndani yake, kwa hiyo asiyependa mitihani avumilie kidogo. Kuna mfongo pia, na kuna mzee mkali.

Si hapo kale sana, ni siku hizi hizi za bando na WhatsApp, palikuwa na binti mmoja akiishi Masama na babu yake. Masama mnaijua: unaacha barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Kwa Sadala, unapandisha mlima, joto linapungua kadiri unavyopanda, na vihamba vinaanza, migomba juu na kahawa chini ya kivuli chake. Binti huyu sitampa jina, mpeni ninyi. Alikuwa amemaliza chuo, anajua kufungua kompyuta na kuifunga tena bila skrubu hata moja kubaki mezani. Tatizo lake lilikuwa moja: kila alipoomba kazi aliulizwa kama ana cheti cha mitandao.

Akaamua kufanya mtihani uitwao Network+. Hutungwa na CompTIA, iliyoanza Marekani mwaka 1982 kama jumuiya ya watu wa kompyuta, na ni mtihani wa wanaoanza kazi ya kuunganisha kompyuta na kompyuta. Toleo la N10-009, lililotoka Juni 2024, lina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na anayetaka kufaulu lazima afikishe 720 kwenye mzani unaoishia 900. Wewe unayependa hesabu, usikimbilie kugawanya ukasema ni asilimia 80. Mzani huo unaanzia 100, si sifuri. Maswali ya Kiingereza yapo; ya Kiswahili hayapo.

Basi binti akaanza kama tunavyoanza wengi wetu, kwa kukariri. Tabaka saba za mtandao akazibandika mlangoni. Namba za milango ya kompyuta akaziandika kwenye vikadi: 22 ya kuingia seva kwa usalama, 53 ya DNS, 80 na 443 za tovuti. Asubuhi anazisoma, usiku anazisoma, midomo inacheza. Babu akamtazama siku kadhaa, hatimaye akashindwa kunyamaza.

"Mjukuu wangu, hiyo ni rozari?"

"Ni masomo, babu."

"Haya. Nilidhani umepata wito."

Sasa msikilize vizuri. Babu huyu alikuwa mmoja wa wazee wanaoangalia mfongo. Wa Masama hamhitaji kuelezwa, ila wenzenu wa mjini hawajui: mifongo ni mifereji waliyoichimba mababu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ikichota maji mtoni huko juu kwenye makorongo na kuyaleta taratibu hadi vihambani. Njiani mfongo unagawanyika, kila mgawanyiko una watu wake, na kila mtu ana zamu yake. Wapo wanaosimamia zamu hizo, na ukifungulia maji siku isiyo yako utaitwa kikaoni.

Asubuhi moja ilikuwa zamu yao na maji hayakuja. Binti akasema twende moja kwa moja hadi banio, kule yanakotoka. Babu akachukua jembe akaenda upande mwingine kabisa: kwenye kizibo cha kihamba chao wenyewe. Akakichunguza. Kizima. Akapanda hadi mgawanyiko wa kwanza, akainama. "Hapa yapo?" Hayapo. Wakapanda hadi wa pili. "Hapa yapo?" Yapo. Basi babu akageuka, hakupanda tena hata hatua moja. "Lililoharibika liko kati ya hapa na pale tulipotoka. Tembea polepole, tazama chini." Hawakufika mbali: fuko alikuwa ametoboa ukingo, na maji yote yanamwagikia bondeni. Wakaziba kwa udongo na magome ya mgomba. Halafu babu hakwenda kunywa chai. Alishuka tena hadi nyumbani kuona kwa macho yake kama maji yamefika. Jioni akawaambia wenzake mahali pale palipotobolewa, ili wa zamu inayofuata wapaangalie.

Binti akarudi ndani, akafungua mtaala wa mtihani wake, akausoma kama mara ya kwanza. Una sehemu tano, na kubwa kuliko zote, asilimia 24, si ya majina ya tabaka wala ya namba za milango. Ni ya kutafuta hitilafu. Usalama, ambao kila mtu anauzungumzia, umepewa 14. Na CompTIA wana utaratibu wao wa hatua saba wanaotaka uufuate: tambua tatizo, kisia chanzo, jaribu kisio lako, panga la kufanya, lifanye, hakikisha kila kitu kinafanya kazi, kisha andika ulichokikuta. Babu alikuwa amezipita zote siku ile ile, akiwa na jembe mkononi.

Ila msiuvute mfano wa mfongo mbali kuliko unavyofika. Maji hushuka tu. Pakiti za mtandao huenda na kurudi, na njia ya kurudi yaweza kuwa nyingine kabisa, jambo ambalo babu angeligomea.

Tangu siku hiyo binti alianza kuzoeza mikono. Kwenye kompyuta yake kuukuu aliweka Packet Tracer, programu ya Cisco inayopatikana bure, ambamo unajenga mtandao mzima kwenye skrini, rauta na swichi na kebo zake, bila kununua hata waya. Akajijengea shule ya kubuni yenye vyumba vinne: ofisi, walimu, maabara na maktaba. Hapo ndipo alipokutana na kitu kinachowaangusha wengi, kugawanya anwani. Kaeni nami hapa, nitakwenda polepole.

Shule imepewa anwani zote za 192.168.10, kuanzia 0 hadi 255. Ni 256. Ukizigawa kwa vyumba vinne, kila chumba kinapata 64: cha kwanza 0 hadi 63, cha pili 64 hadi 127, cha tatu 128 hadi 191, cha nne 192 hadi 255. Katika kila kipande anwani ya mwanzo ni ya mtandao wenyewe, na ya mwisho ni ya kutangazia wote kwa mpigo, kwa hiyo za kuwapa wenye kompyuta zinabaki 62. Wataalamu wanauandika mgawo huo /26. Hiyo ndiyo hesabu yote, na ni ya darasa la tano. Kinachowashinda watu ni kuifanya haraka, bila kikokotoo, huku saa ikienda.

Sasa fumbo. Kompyuta ya walimu ina anwani inayoishia na 70. Lango lake, yaani rauta inayoitoa nje ya chumba, imeandikiwa linaloishia na 1. Kebo nzima, taa zinawaka, na intaneti hakuna. Kwa nini? Binti aliikodolea macho muda mrefu, halafu akauliza swali la babu: hapa yapo? Sabini iko kipande cha pili. Moja iko kipande cha kwanza. Mwalimu ameelekezwa kwenye lango la chumba cha jirani, na kompyuta haiwezi kutoka kwa lango ambalo haliko upande wake. Akalibadilisha liwe 65, ambayo ndiyo aliyoipa rauta upande huo, na mambo yakaenda.

Akajifunza pia kutembea na amri ya "ping", inayotuma pakiti ndogo na kungoja jibu. Kwanza 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta kujiuliza yenyewe kama iko sawa. Halafu anwani yake mwenyewe. Halafu lango. Halafu anwani ya mbali, kama 8.8.8.8. Mwisho kabisa, jina la tovuti. Namba ya mbali ikijibu na jina likakataa, mtandao wenyewe ni mzima. Mgonjwa ni DNS, anayegeuza majina kuwa namba. Rauta ngapi zimezimwa na kuwashwa bure kwa ugonjwa wa DNS!

Wakati mwingine utatembea mpaka mwisho na kukuta kosa si lako. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi; watu wakalaumu simu zao, wakalaumu makampuni, wengine wakanunua bando jipya juu ya lile ambalo halijaisha. Aliyejua kutembea na ping angeona lango linajibu na dunia ya nje haijibu, akaacha kuifungua rauta yake kwa bisibisi. Kebo ya Seacom ndiyo iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009; kabla yake karibu kila kitu kilipanda kwenye setilaiti na kushuka tena, polepole na kwa bei kali. Siku hizi hata juu ya vichwa vyetu kuna intaneti: Agosti 2022 shirika la simu la TTCL liliifikisha Horombo, kambi ya wapanda Kilimanjaro, mita 3,720, mpandaji akipiga picha pale anaituma kabla hajavua buti.

Sasa kebo za kubana kwa mkono. Hapa nawaonya, maana ni jambo dogo lenye ujanja. Binti alinunua kipande cha kebo, vichwa vya RJ45 na koleo la kubania. Ndani ya kebo kuna nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili. Mpangilio unaoitwa T568B unaanza nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, kisha buluu, nyeupe ya buluu, kisha kijani, na kumalizia nyeupe ya kahawia, kahawia. Mmeona? Kijani ametengwa na mwenzake, buluu wameketi katikati yao. Binti mara ya kwanza aliona hilo ni kosa la kitabu, akawaweka kijani pamoja na buluu pamoja, pande zote mbili. Akachomeka kipimo, taa nane zikawaka kwa zamu, moja hadi nane, safi kabisa. Lakini kompyuta zilipounganishwa, faili zikatambaa.

Kipimo kile cha bei rahisi huuliza tu kama umeme umepita. Hakijui waya gani umesokotwa na upi. Msokoto ndio unaopunguza kelele za waya jirani. Ukitumia waya mmoja kutoka jozi hii na mwingine kutoka jozi ile, msokoto haukusaidii kitu. Alikata vichwa vyote viwili akabana upya. Tangu siku ile hakuhitaji kikadi cha kulikumbuka kosa hilo.

Kuhusu njia za mkato, nitasema machache. Kwenye kundi moja la WhatsApp kuna kijana alikuwa akiuza "maswali yenyewe". CompTIA wakigundua umetumia maswali yaliyoibwa, wanaweza kukufutia matokeo na cheti. Tena mwenye cheti cha hivyo akiitwa ofisini siku mtandao umezima, vikadi havitamsaidia. Binti alitoka kwenye lile kundi.

Siku ya mtihani ilipokaribia akapewa kuchagua: afanyie nyumbani mbele ya kamera, au aende kituoni. Wa nyumbani unataka chumba kitupu, mezani pasiwe na kitu, na mtu yeyote asiingie mpaka umalize. Akamfikiria babu, ambaye hajawahi kubisha hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akafikiria umeme. Akaenda kituoni.

Maswali ya kwanza yalikuwa ya vitendo, yale ya kuvuta na kupanga vifaa kwenye skrini, ambayo hula dakika kama moto wa majani makavu. Akayawekea alama akayaruka, kwa sababu mtihani huu unaruhusu kurudi nyuma. Wa Cisco wa CCNA hauruhusu, kwa hiyo usichanganye mbinu. Katikati likaja swali la kompyuta iliyojipa anwani inayoanza na 169.254. Akatabasamu: hiyo ni kompyuta iliyoomba anwani kwa DHCP, ikangoja, haikujibiwa, ikajitungia ya kwake. Usihangaike na tovuti wala DNS. Anzia kwa mwenye kugawa anwani. Zikiwa zimebaki dakika chache akarudi kwa yale ya vitendo, akayamaliza. Matokeo yakatokea pale pale kwenye skrini: amefaulu.

Babu alitaka kujua jambo moja tu, kama cheti ni cha maisha. Si cha maisha. Ni cha miaka mitatu, halafu unakihuisha kwa masomo ya ziada au kwa mtihani mwingine. Babu akasema hata mfongo hufukuliwa tope kila mwaka, sasa amsaidie kubeba mkungu huu.

Haya, zamu yenu. Chukueni zile anwani za 192.168.10, safari hii shule ina vyumba vinane. Inayoishia na 200 iko chumba cha ngapi, na kipande chake kinaanzia na kuishia wapi? Bila simu. Wa kwanza kupata anakula kiburu sahani kubwa, na anayekariri jibu la mwenzake nitambadilishia namba.