Wimbo Uliokataliwa Mara Mbili Ukavunja Rekodi Mara Mbili

Berry Gordy, mwanzilishi wa kampuni ya muziki ya Motown mjini Detroit, alisifika kwa sikio lake. Kila Ijumaa aliketi na wasaidizi wake, nyimbo zikapigwa moja baada ya nyingine, wakaamua upi utoke na upi ubaki kabatini. Sikio hilo liliukataa I Heard It Through the Grapevine kwa Smokey Robinson na The Miracles, likaukataa tena kwa Marvin Gaye. Baadaye wimbo huohuo ukaipa Motown santuri iliyouzwa kuliko zote katika historia yake, na mwaka uliofuata, kwa sauti nyingine, ukaivunja rekodi hiyo. Sijui wimbo mwingine wa soul wenye wasifu wa kiburi kama huo, na kwa hiyo unastahili kugawiwa tuzo zake.

Mdomo uliouanzisha. Barrett Strong ndiye aliyeimba Money (That's What I Want), kibao cha kwanza cha Motown, mwaka 1959. Wazo la Grapevine alilipata Chicago, katika mtaa wa Michigan Avenue, ambako watu walikuwa na mazoea ya kusema jambo fulani wamelipata "through the grapevine", yaani kwa minong'ono. Alianza kuutunga kwenye piano, kisha akampelekea mtayarishaji Norman Whitfield, wakaumalizia pamoja mwaka 1966. Kisa chake kinaeleweka hata uswahilini: mtu amesikia kwa wambea kwamba mpenzi wake ana mwingine, na kinachomuuma zaidi ni kwamba mhusika hakumwambia mwenyewe.

Wa kwanza kurekodi, wa mwisho kukumbukwa. The Miracles waliuimba Agosti 1966. Gordy hakuupenda. Sauti yao ilikuja kusikika mwaka 1968 katika albamu ya Special Occasion, wakati wenzao walishachuma. Tuwaache hapo.

Rekodi iliyoteswa zaidi studioni. Hii ni ya Marvin Gaye, mapema mwaka 1967. Whitfield alipandisha ufunguo wa wimbo juu kuliko sauti ambayo Gaye aliizoea, ili aimbe kwa shida. Hila hiyohiyo alishaitumia kwa David Ruffin wa The Temptations. Wakagombana, lakini Gaye akaimba. Ukisikiliza utasikia mtu anayejikaza koo lisimsaliti, na hilo hasa ndilo Whitfield alilolitaka. Nyuma yake kuna The Funk Brothers, wapigaji wa nyumbani wa Motown, waitikiaji The Andantes, na ala za nyuzi kutoka okestra ya Detroit zilizopangwa na Paul Riser. Kazi iliyoiva kabisa. Gordy akasema hapana, akachagua wimbo mwingine wa Gaye utoke.

Hasira iliyozaa matunda mengi. Whitfield hakukubali kushindwa. Aliusikia Respect wa Aretha Franklin ukitikisa Marekani mwaka huohuo, akaamua kumjibu kwa mdundo mkali zaidi. Akampa wimbo Gladys Knight na The Pips, yaani kaka yake Bubba na binamu zake William Guest na Edward Patten. Wakaufanyia mazoezi kwa wiki kadhaa, kisha wakaurekodi kwa kasi, kwa mtindo wa kanisani, mwanamke akidai maelezo wala haombi huruma. Ulitoka Septemba 1967, kampuni ikiutangaza kwa shingo upande. Ulikaa wiki sita kileleni katika chati ya R&B na ukafika namba mbili katika chati kuu ya Billboard. Motown ilikuwa haijawahi kuuza santuri nyingi kiasi kile.

Ukaidi wa watangazaji. Whitfield bado alikuwa na toleo la Gaye kabatini. Likapenyezwa katika albamu ya In the Groove, Agosti 1968, kama wimbo wa kujazia nafasi. Watangazaji wa redio wakaurukia bila kuombwa na mtu; E. Rodney Jones wa kituo cha WVON, Chicago, anatajwa miongoni mwa wa mwanzo. Gordy akasalimu amri, santuri ndogo ikatoka mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 14 Desemba ilishika namba moja, ikakaa hapo wiki saba, na kwa mauzo ikaipita ile ya Gladys. Machi 1969 ilikuwa namba moja Uingereza. Rekodi ya mauzo ndani ya Motown ilidumu hadi 1970, The Jackson 5 walipoleta I'll Be There.

Kampuni moja, mtayarishaji mmoja, wimbo mmoja, na mwaka mmoja tu kati ya rekodi na rekodi. Na Whitfield hakutosheka: aliurudia na The Temptations, kisha na The Undisputed Truth. Kama kuna kombe la ung'ang'anizi, ni lake.

Mrefu kuliko wote. Bendi ya Creedence Clearwater Revival, mwaka 1970, katika albamu ya Cosmo's Factory: dakika 11, sehemu kubwa ikiwa gitaa la John Fogerty. Wapo wanaouona mrefu mno. Mimi nadhani unahitaji safari ya usiku barabarani ili kuuelewa.

Kilele cha tatu. Mwaka 1981 Roger Troutman aliupitisha kwenye bomba linalofanya sauti ya mtu isikike kama mashine, akaurudisha namba moja katika chati ya R&B. Hivyo wimbo mmoja ulishika kilele cha chati hiyo kwa sauti tatu tofauti: 1967, 1968 na 1981.

Biashara ya ajabu kuliko zote. Tangazo la jinzi za Levi's, ambamo kijana Nick Kamen anavua suruali mbele za watu kwenye duka la kufulia, liliurudisha wimbo wa Gaye katika kumi bora za Uingereza mwaka 1986. Marekani mwaka huohuo zabibu kavu za udongo wa kufinyanga zilianza kuucheza kwenye tangazo la televisheni, Buddy Miles akiimba. Zabibu zikaingia chati. Gaye hakuyaona hayo; alipigwa risasi na baba yake Aprili 1984.

Bora kuliko yote. Wengi watampa Gaye, na kwa ufundi wa studio sina ubishi. Lakini bila santuri ya Gladys Knight mwaka 1967, ile ya Gaye huenda ingebaki kabatini, na bado Gladys hutajwa kama mtangulizi tu. Kura yangu ni ya Gladys. Msikilizeni yeye kwanza, kisha Gaye, mkiwa mmekaa, halafu mnibishie.