Waya unapodanganya: Kwa nini kipimajoto cha jokofu la chanjo kinaweza kukosea

Katika maabara na vituo vya afya jijini Kampala, chanjo nyingi huhifadhiwa kwenye majokofu yenye joto la nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Kioo cha kifaa kikionyesha 5, mhudumu huamini kwamba chanjo iko salama. Hata hivyo, namba hiyo hutegemea kitu ambacho wachache hukitazama: nyaya zinazounganisha kihisi joto na kifaa cha kupimia.

Kihisi hufanyaje kazi?

Kihisi kinachotumika sana katika vipimo vya maabara hutengenezwa kwa madini ya platini na hujulikana kama Pt100. Joto likiwa nyuzi 0, ukinzani wake, yaani kiasi anachozuia mkondo wa umeme, huwa omu 100. Joto likipanda kwa nyuzi 1, ukinzani huongezeka kwa takriban omu 0.39. Kifaa hupima ukinzani huo na kuugeuza kuwa nyuzi joto.

Tatizo ni kwamba waya wa shaba nao una ukinzani. Kifaa kilichounganishwa kwa nyaya 2 pekee hakiwezi kutofautisha ukinzani wa waya na ule wa kihisi. Kwa mfano, jokofu likiwa mita 10 kutoka kwenye kifaa, na nyaya zikiwa na unene wa milimita 0.22 za mraba, safari ya kwenda na kurudi huongeza takriban omu 1.6. Kiasi hicho huonekana kwenye kioo kama nyuzi 4 za ziada.

Hatari iko wapi?

Kosa hili huelekea upande mmoja: huonyesha joto lililo juu kuliko lile halisi. Jokofu lenye nyuzi 5 litasomeka 9, na chanjo nzima inaweza kutupwa bure. Hatari kubwa zaidi ni pale mhudumu anapoongeza baridi hadi kioo kionyeshe 4, ilhali ndani ya jokofu joto limekaribia 0.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ya pepopunda, na ile ya pamoja dhidi ya magonjwa 5 ambayo watoto wa Uganda wamekuwa wakipewa tangu mwaka 2002, zote huharibika zikiganda. Chanjo iliyoganda kisha ikayeyuka inaweza kuonekana ya kawaida, na mtoto akachomwa sindano isiyomkinga.

Kupunguza nyuzi 4 kwa hesabu hakutoshi. Nyaya zilizopitishwa chini ya paa la mabati hupata joto mchana, ukinzani wake ukapanda, kisha ukashuka usiku.

Suluhisho ni nini?

Waya wa tatu hukiwezesha kifaa kukadiria ukinzani wa nyaya na kuuondoa, mradi nyaya zote zilingane kwa urefu na unene. Nyaya 4 ndizo bora zaidi: 2 hupeleka mkondo mdogo, kwa kawaida miliampea 1, na 2 nyingine hupima volti kwenye kihisi chenyewe. Kwa kuwa nyaya hizo za kupimia karibu hazipitishi mkondo, ukinzani wake hauharibu kipimo.

Ukaguzi rahisi ni kutumbukiza kihisi kisichopenya maji kwenye barafu safi iliyosagwa na kuchanganywa na maji. Kioo kinapaswa kuonyesha 0. Maji yanayochemka hayafai kuwa kigezo cha nyuzi 100 jijini Kampala. Jiji liko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 96.

Kwa uthibitisho rasmi, Shirika la Viwango la Taifa la Uganda, UNBS, lina maabara ya vipimo huko Bweyogerere, nje kidogo ya jiji. Lakini kihisi kilichothibitishwa peke yake, kikirudishwa kwenye nyaya 2 ndefu, kitaendelea kusomeka vibaya. Ndiyo maana kihisi, nyaya na kifaa hupaswa kukaguliwa vikiwa vimeunganishwa pamoja.