Adhimu si adimu: tuwafunze watoto kuyapima maneno

Mgeni apitaye barabara ya Moshi kwenda Arusha huenda akadhani jina la Maji ya Chai ni mzaha. Sisi tuishio hapa twajua asili yake: maji ya mto wetu yana rangi ya chai. Yana rangi, lakini si chai. Ndani yake mna floraidi nyingi, madini ambayo yametia madoa ya kahawia meno ya wengi wetu. Rangi, basi, si ushahidi wa utamu.

Tumelikumbuka hilo wakati huu ambapo vijana wetu wanajiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Jioni moja tulisoma insha ya majaribio ya binti wa jirani kuhusu umuhimu wa maji. Aliandika kuwa maji safi ni “neema adimu”, akikusudia adhimu. Adhimu ni kitu chenye utukufu. Adimu ni kisichopatikana kwa urahisi. Kwa hapa kwetu sentensi hiyo yaweza kuwa kweli, lakini siyo aliyoikusudia. Mbele kidogo alisema bomba limewaletea kina mama “faragha”, akitaka kusema faraja. Lililotuhuzunisha zaidi ni kwamba hakumaliza. Hoja ya tatu ilikatika njiani, kwani muda wake uliishia katika kutafuta maneno mazito. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa unyenyekevu kuwa ameambiwa msahihishaji hupenda maneno magumu.

Hatuukatai msamiati mpana. Shaaban Robert, aliyechapisha Kielezo cha Insha mwaka 1954, hakuwa maskini wa maneno. Na watoto wetu wa madrasa wana akiba kubwa, kwa kuwa maneno mengi ya Kiswahili yana asili ya Kiarabu waisomayo kila siku. Lakini akiba hutumika kwa kipimo. Mtihani wa Kiswahili ni wa saa 3, na insha ni swali moja tu miongoni mwa maswali kadhaa. Chumba cha mtihani si mahali pa kulijaribu neno kwa mara ya kwanza.

Wazazi tuna nafasi yetu. Baada ya Isha, mtoto na achague neno moja katika kamusi, alitungie sentensi tatu za maisha yake mwenyewe, kisha atusomee. Mara moja kwa wiki, aandike insha huku saa ikiwa mbele yake: dakika chache za kupanga hoja, nyingi za kuandika, na chache za kuhakiki mwishoni. Akilitilia neno shaka, aliache na kutumia lile alijualo. Hoja iliyokamilika kwa maneno mepesi humfaa kuliko neno zito lililokosea mahali pake.

Katika Sura Twaha, Nabii Musa (a.s.) anamwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi ili watu wayafahamu maneno yake. Kufahamika ndiko alikokuomba. Nasi tuwaombee watoto wetu hilo hilo, kisha tuketi nao na kamusi. Inshaallah, binti yetu ataimaliza insha yake, na msahihishaji atajua alichokusudia.